Mshale Umetua! Nembo ya The Archers Katika Rangi Zake Zote

Jamani, wekeni chini mlichoshika. Nimeiona! Nimeiona nembo ya The Archers kwenye nakala ya 4K ya The Red Shoes, kubwa, safi, rangi zikiwaka, na hata sasa naandika huku mkono mmoja uko kwenye rimoti nikiirudisha mwanzo. Ndiyo, nembo. Zile sekunde chache ambazo watu huzitumia kuzima taa, kutafuta miwani na kuulizana kama bisi zimebaki. Filamu yenyewe nitaigusa, maana haiwezekani kuipita kimya, lakini leo nataka kusema habari za kile kinachotokea kabla haijaanza. Naamini kabisa kwamba hakuna kampuni ndogo ya sinema iliyowahi kujitambulisha kwa ufupi na kwa ujasiri kama hii.

Kwa ambao hawajaiona: shabaha ya mviringo imetawala skrini. Tayari ina mishale iliyochomeka, imetawanyika huku na kule kwenye miduara ya nje. Kitovu kiko wazi. Halafu mshale mmoja unaingia kutoka pasipoonekana na kutua ta! katikati kabisa. Maandishi yanakuambia kwamba hii ni kazi ya The Archers, wapiga mishale. Imekwisha. Hakuna simba anayenguruma, hakuna mlima uliovikwa nyota, hakuna bibi aliyeinua mwenge. Mshale umepata, sasa twende kazini.

Nyuma ya upinde huo walikuwa wanaume wawili ambao ungedhani hawana cha kuwakutanisha. Michael Powell alizaliwa mwaka 1905 huko Kent, Uingereza, mtoto wa mkulima. Emeric Pressburger alizaliwa mwaka 1902 mjini Miskolc, Hungaria. Aliandika skripti katika studio za UFA jijini Berlin mpaka Wanazi waliposhika dola mwaka 1933, akakimbilia Paris, na mwaka 1935 akaingia Uingereza, akaanza kujifunza lugha ambayo baadaye angeiandika vizuri kuliko wengi waliozaliwa nayo. Aliyewakutanisha alikuwa Alexander Korda, Mhungari mwingine aliyekuwa amejijengea himaya ya filamu London. Aliwapa kazi ya The Spy in Black, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1941 ikafuata 49th Parallel, iliyompa Pressburger tuzo ya Oscar ya hadithi bora. Mwaka 1942, katika One of Our Aircraft Is Missing, wakaanza kutia saini kwa pamoja, na mwaka uliofuata kampuni yao ikasimama kwa miguu yake.

Saini hiyo ndiyo ufunguo wa nembo nzima. Iliandikwa kwamba filamu imeandikwa, imetayarishwa na imeongozwa na Michael Powell na Emeric Pressburger. Vyote vitatu, wote wawili! Wahenga wanatuambia mafahali wawili hawakai zizi moja, na katika sinema methali hii huthibitishwa kila wiki. Hawa wawili walikaa zizi moja miaka mingi. Ukweli wa kazini ulikuwa kwamba Powell ndiye aliyesimama nyuma ya kamera na kuwaongoza waigizaji, na Pressburger ndiye aliyeibeba hadithi na muundo wake. Lakini walikataa kugawana sifa kwa kipimo. Sasa itazame tena ile shabaha. Mshale unakuja, lakini mpigaji haonekani! Huoni mkono, huoni upinde, huoni uso. Ni mshale wa nani? Wa Powell? Wa Pressburger? Nembo inakataa kujibu, na huko kukataa ndiko mkataba wao. Nilikuwa nimeshaiona nembo hii katika nakala chakavu, na jambo hili lilikuwa limenipita kabisa. Katika nakala hii mpya, pale ambapo mpigaji angesimama pako wazi mno hata huwezi kuacha kujiuliza.

Kuna barua mashuhuri ya mwaka 1942 ambayo Pressburger alimwandikia mwigizaji Wendy Hiller, wakitaka acheze katika filamu yao iliyokuwa inaandaliwa. Humo aliweka kanuni tano za kampuni. Hawatamtii mtu yeyote isipokuwa wale wanaotoa fedha, na hata kwa hao deni lao ni kuwaletea faida, si hasara. Kila futi ya mkanda itakuwa dhamana yao wenyewe. Wazo jipya sharti liwe mbele ya wakati wake kwa mwaka mzima, kwa sababu filamu huchukua muda huo kutoka kichwani hadi kwenye skrini. Na kila aliyefanya nao kazi, kuanzia nyota wa filamu hadi anayebeba vifaa, heshima yake ilindwe. Hiller hakucheza filamu hiyo kwa kuwa alikuwa mjamzito, na nafasi ikamwangukia msichana aitwaye Deborah Kerr. Lakini kanuni zilibaki, na mimi nazisoma zote kwenye ile shabaha. Kulenga mbele ya wakati! Wapiga mishale wanajua kwamba kitu kinachokimbia hulengwa pale kitakapokuwa, usipolenga hivyo utapiga vumbi.

Na sasa jambo lililonifanya niruke kitini. Ile mishale mingine! Kampuni yoyote yenye akili za kibiashara ingeweka shabaha safi, mshale mmoja, kitovu, makofi. The Archers wametuonyesha mishale iliyokosa. Wameiacha pale pale, imechomeka, kila mtu aione. Ni kama mpishi anayekuwekea mezani vitumbua vilivyoungua kabla ya kukupa kile kilichoiva. Ujasiri wa namna gani huu? Nembo za studio kubwa zinatangaza mali: huu mlima ni wetu, huyu simba ni wetu, dunia hii inayozunguka ni yetu. Hii inatangaza kazi. Inasema kwamba tumejaribu, tumekosa, tumejaribu tena, na leo tunaamini tumepata. Kila filamu ni mshale mpya, na kila filamu inaweza kukosa. Niambieni ni nembo gani nyingine inayoanza kwa kukumbusha kwamba huenda mambo yakaharibika!

Utamu unazidi ukijua kinachotangulia. Katika The Red Shoes ya mwaka 1948, kabla ya shabaha anatokea yule jitu wa J. Arthur Rank, kifua wazi, misuli imepakwa mafuta, akiugonga upatu mkubwa kuliko yeye. Upatu huo ulianza kugongwa katikati ya miaka ya 1930 kwa ajili ya kampuni ya usambazaji ya General Film Distributors, ukaja kuwa alama ya himaya nzima ya Rank. Miongoni mwa waliougonga kwa miaka tofauti ni Billy Wells, bondia aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa Uingereza, na Ken Richmond, mwanamieleka aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Na siri yake ni tamu: upatu tunaouona ni wa bandia, na mlio tunaousikia ulipigwa kwenye chombo kingine na mpiga ngoma James Blades. Kampuni hiyo ya upatu ndiyo iliyosambaza pia Men of Two Worlds ya mwaka 1946, filamu ya rangi iliyopigwa kwa sehemu Tanganyika, ambayo muziki wake ulimfanya mtunzi Arthur Bliss atoe kipande cha piano na okestra alichokiita Baraza. Kwa hiyo upatu huo na Afrika Mashariki si wageni wa kupishana njiani.

Sasa pangeni hizo mbili kwa mfuatano: upatu, halafu mshale. Mwenye fedha anagonga kwa nguvu zote, jitu zima, shaba tupu. Kisha wenye kazi wanaingia kimyakimya na kitu chembamba chenye ncha, wanapiga kitovu. Powell na Pressburger walikuwa ndani ya mpango wa Rank ulioitwa Independent Producers, pamoja na kundi la Cineguild la David Lean na wenzake, na lile la Frank Launder na Sidney Gilliat. Rank alilipa na, kwa miaka kadhaa ya ajabu, hakuingilia. Watu wa sinema mnaelewa hiyo ni bahati ya namna gani. Nembo mbili mfululizo zinaueleza mpango huo wote kwa sekunde chache kuliko ilivyonichukua kuuandika.

Tuje kwenye rangi, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitapiga kelele. The Red Shoes ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu. Ndani ya kamera ile nzito mlikuwa na prizimu iliyogawa mwanga, na mikanda mitatu ya picha nyeusi na nyeupe ikapita kwa wakati mmoja, kila mmoja ukibeba sehemu yake ya rangi. Baadaye maabara ilizichapa rangi tatu moja juu ya nyingine kwenye nakala ya kuonyeshwa. Uzuri wake haukuwa na mfano. Udhaifu wake ni kwamba mikanda ikizeeka husinyaa, na haisinyai sawa. Ukiilaza tena pamoja, hailingani, na kila ukingo unatoa kivuli cha rangi, chekundu upande huu, kijani upande ule. Mikanda ya The Red Shoes ilikuwa imesinyaa, ina madoa, na imeota kuvu. Kazi ya kuirejesha ilifanywa na hifadhi ya filamu ya UCLA chini ya Robert Gitt, ikisukumwa na taasisi ya The Film Foundation ya Martin Scorsese, na matokeo yakaonyeshwa Cannes mwezi Mei 2009. Criterion wakaitoa kwenye diski ya 4K mwishoni mwa 2021, na hiyo ndiyo iliyonipandisha presha.

Fikirini basi ni picha gani ngumu kuliko zote kwa mikanda mitatu iliyosinyaa. Miduara! Miduara ya rangi tofauti, mmoja ndani ya mwingine, kingo kali, mshale mwembamba juu yake. Uso wa mtu unaweza kuficha kosa dogo la mlingano, na vazi linaloyumba linaweza pia. Shabaha haifichi kitu. Mikanda ikipishana unywele mmoja, mduara mzima unavimba. Katika nakala za zamani nilizowahi kuziona, miduara ilikuwa na ukungu kingoni, na nilidhani ndivyo ilivyokusudiwa. Hapa kingo ni kali kama zimekatwa kwa wembe. Unyoya wa mshale unauona. Kivuli cha mshale unakiona. Ukitaka kujua kama watu wa UCLA walifanya kazi yao, huna haja ya kusubiri baleti iliyo ndani ya filamu, maana nembo imeshakupa ripoti kabla mwigizaji wa kwanza hajafungua mdomo.

Na filamu inajua jinsi ya kuipokea nembo hiyo! Simulizi yenyewe inaanza na kundi la wanafunzi wakikimbia kupanda ngazi za Covent Garden kuwahi viti vya juu. Mshale umeachiliwa, watu wameachiliwa. Kuanzia hapo mpaka ile baleti maarufu ya takriban dakika kumi na saba, chini ya rangi za Hein Heckroth, macho ya Jack Cardiff na muziki wa Brian Easdale, filamu haipumziki. Tuzo mbili za Oscar, ya usanifu na ya muziki, ziliifuata. Swali lake kubwa, kwamba msanii anaweza kutoa nini kwa ajili ya kazi yake, nilishaliona kwenye ile shabaha: mshale ukishatoka kwenye upinde haurudi.

Nilipomaliza nilifanya kile ambacho shabiki yeyote mwenye ukichaa kama wangu angefanya. Nikatoa filamu zao nyingine na kutazama mianzo peke yake, moja baada ya nyingine. Nawapa matokeo.

The Life and Death of Colonel Blimp, 1943. Hii ndiyo filamu yao ya kwanza ya rangi chini ya jina la kampuni, na nembo inaingia kwa kishindo katikati ya vita, wakati Technicolor Uingereza ilikuwa anasa. Baada ya shabaha unapata majina yaliyotariziwa kwenye zulia la ukutani, kanali mnene juu ya farasi. Winston Churchill hakuipenda hata kabla haijapigwa, na Laurence Olivier, waliyemtaka acheze, hakuruhusiwa kutoka jeshini, ndipo Roger Livesey akaingia na kuitwaa. Kuna wakati miaka ya mhusika mkuu inapita kwa vichwa vya wanyama waliowindwa kujitokeza ukutani, mlio wa bunduki baada ya mwingine. Kulenga na kupiga, tena! Mara hii inauma, kwa sababu unaona himaya ikijihesabia mauaji kama burudani. Filamu ilikatwakatwa vibaya kwa miaka mingi kabla ya kurejeshewa urefu wake wa dakika 163.

A Canterbury Tale, 1944, na I Know Where I'm Going!, 1945. Hapa ni nyeusi na nyeupe, na nembo inakuwa na tabia nyingine kabisa. Bila rangi, shabaha inabaki kuwa umbo tupu, miduara ya kijivu na mshale mweusi, na jicho linaenda moja kwa moja katikati. Ni kali zaidi. Nilidhani nitaona upungufu, lakini hakuna. I Know Where I'm Going! inaendeleza utani huo hata kwenye majina ya wahusika wa kazi, yamepachikwa ndani ya picha za utoto wa shujaa, mojawapo likisomeka ubavuni mwa lori. Msichana anayejua anakokwenda, na mshale unaojua unakokwenda. Kisha hadithi nzima inamfanya akose pale alipolenga, apate pazuri zaidi. Wajanja hawa!

A Matter of Life and Death, 1946. Kutoka kwenye shabaha tunaingia angani, nyota na sayari, sauti ikitutembeza ulimwenguni kana kwamba ni mtaani kwetu. Ndiyo filamu iliyochaguliwa kwa onyesho la kwanza kabisa la Royal Film Performance, Novemba 1946. Humu dunia ya walio hai ina rangi na ile ya walioaga haina, kinyume cha ambavyo mtengeneza filamu mwoga angefanya. Nembo ya rangi mwanzoni tayari imekuweka upande wa walio hai.

Black Narcissus, 1947. Watawa kwenye milima ya Himalaya, ilhali karibu yote ilipigwa Pinewood, milima yenyewe ikiwa imechorwa. Cardiff alipata Oscar ya upigaji picha, Alfred Junge akapata ya usanifu. Junge alikuwa Mjerumani, kama alivyokuwa Heckroth. Anton Walbrook, nyota wao mpendwa, alitoka Austria. Allan Gray aliyetunga muziki wao wa miaka ya vita alikuwa mkimbizi naye. Ukiyaweka majina hayo mezani unaanza kucheka: upinde ni alama ya Uingereza ya kale, ya vita vya Agincourt na hadithi za Robin Hood, na waliouvuta walikuwa nusu yao wageni waliofika na sanduku moja. Hakuna hotuba ndani ya nembo hiyo kuhusu wahamiaji. Kuna kitovu tu, na mshale uliokipata.

Mbona basi safari ya The Archers iliisha? The Red Shoes yenyewe ndiyo iliyovunja urafiki na Rank. Gharama zilipita pauni 500,000, na Powell alisimulia kwamba J. Arthur Rank na msaidizi wake John Davis waliitazama, wakainuka, wakatoka bila kusema neno. Waliona mshale uliokosa! Haikupewa uzinduzi wa maana Uingereza. Marekani ikawekwa kwenye jumba dogo la Bijou, New York, na ikakaa humo wiki 107. Wiki mia moja na saba! Wenye fedha walisoma shabaha vibaya, na watazamaji wakaisoma sawa. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wawili hao walirudi kwa Korda, wakatoa The Small Back Room, Gone to Earth na The Tales of Hoffmann, na baada ya Ill Met by Moonlight ya mwaka 1957 kila mmoja akashika njia yake, bila ugomvi.

Shabaha haikufa, ila ilirudi ikiwa na sura ya kutisha. Mwaka 1960 Powell peke yake alitoa Peeping Tom, habari ya kijana anayeua wanawake huku akiwapiga picha za sinema. Inaanzaje? Kwa shabaha! Mshale unatua, halafu jicho la mtu linafunguka mbele yetu. Katika miaka ya The Archers mshale ulikuwa kazi ya msanii. Hapa kamera yenyewe ni silaha, na anayelengwa ni mtu. Sijui mwongozaji mwingine aliyeichukua nembo aliyoipenda na kuigeuza iwe shitaka dhidi yake mwenyewe. Wahakiki wa London waliirarua filamu hiyo, ikaondolewa haraka, na kazi ya Powell nchini mwake ikadorora. Leo Peeping Tom inahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za Uingereza.

Waliomrudisha walikuwa watoto waliokulia mbele ya nembo hiyo. Martin Scorsese aliwatazama The Archers kwenye televisheni akiwa mtoto New York, nakala zilizokatwa, tena bila rangi, na amesema mara nyingi kwamba akiuona mshale ule ukitua alijua kinakuja kitu kisicho cha kawaida. Alipokua alimtafuta Powell, akamkuta amesahauliwa, akasaidia Peeping Tom irudi majumbani mwa sinema. Mhariri wake Thelma Schoonmaker akaolewa na Powell mwaka 1984, na hadi leo ndiye mlinzi wa kazi zake. Ukitaka kumsikia Scorsese akieleza haya mwenyewe, tafuta Made in England ya David Hinton, iliyoonyeshwa kwanza Berlin mwaka 2024. Nawaonya: ukiingia humo utatoka na orodha ndefu ya filamu za kutafuta.

Je, kuna dosari? Zipo. Kwanza, nembo ni fupi mno. Ukipepesa macho umeikosa, na wale wanaokata utangulizi ili wapate nafasi ya matangazo huwa wanaanza na hiyo hiyo. Pili, katika nakala nyingi za zamani zilizopita kwa wasambazaji wengine, nembo za watu zimerundikwa mbele mpaka shabaha inafika imechoka. Tatu, ubora huu wa 4K hauna huruma kwa televisheni iliyowekwa rangi za kupindukia, ile ya dukani. Punguza ukali wa rangi kwanza, la sivyo nyekundu itakupigia kelele na miduara itapoteza utu wake. Na nne, nadhani hili ni la kwangu binafsi: baada ya kuiona hii, nembo za kampuni nyingi za sasa, zile zinazoruka juu ya mawingu ya kompyuta kwa nusu dakika, zinanichosha kabla hazijafika mwisho.

Hukumu yangu ni rahisi. Kama unatengeneza filamu, iwe Dar es Salaam, Nairobi au kokote kule, na unatafuta fundi wa kukuchorea nembo, usimpe kazi kabla hujaitazama hii. Mlenga jiwe kundini hajui limpataye, na nembo nyingi ni jiwe la namna hiyo: chui, jua, ramani, herufi za dhahabu, zimerushwa tu zimpate yeyote. The Archers walijiuliza swali gumu zaidi. Sisi hufanya nini, na tunaogopa nini? Jibu lao ni picha moja yenye kazi na hofu ndani yake, na haijachakaa kwa miaka zaidi ya themanini.

Pa kuanzia: The Red Shoes kwa rangi, I Know Where I'm Going! kwa nyeusi na nyeupe, kisha Blimp ukiwa na jioni nzima. Peeping Tom iweke mwisho, baada ya nyingine zote, ili ile shabaha ikupige inavyopaswa. Kaa kitini mapema, zima simu, na atakayekuomba usogeze mbele ufike filamu inapoanzia mwambie ndiyo imeshaanza.